Mayige Amekwenda kwa Mkopo

Nkololo, Bariadi
14 Julai 2025

Ilumbu wangu, dada Klementina,

Mwangaluka. Naanza na salamu ya kwetu ili miaka arobaini ya Njombe isikusahaulishe kuiitikia.

Sisi hatujambo. Felisita amepona kifua, ila daktari amemkataza moshi, na kumzuia mke wangu asiingie jikoni ni kazi kubwa kuliko zote nilizofanya katika miaka thelathini na minne ya ualimu. Pamba tumemaliza kuvuna. Mvua za mwisho ziliozesha vitumba vya chini, lakini tumepata kiasi. Anna amevuna shamba la mwanangu marehemu Paschal peke yake na kulipeleka zao kwenye chama cha msingi bila kumwomba mtu mkokoteni. Tangu mume wake afariki mwezi Novemba mwaka jana sijamsikia akilalamika. Wakati mwingine natamani angelalamika, ili sisi wakwe zake tujue tushike wapi.

Najua masikio yako hayapatani tena na simu. Ninakupa pole, na papo hapo nakiri kwamba nafurahi, maana simu hainipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Sasa jambo lenyewe. Mjukuu wetu Mayige, yule wa Paschal na Anna, anakuja kwenu. Amesajiliwa na Kilima Chai FC ya hapo Njombe, na huenda akafika kabla ya barua hii.

Nikueleze ilivyokuwa. Unajua mimi ni shabiki wa Somanda Rovers tangu ilipokuwa timu ya vibarua wa kinu cha pamba, wakicheza pekupeku. Mwaka huu dirisha la usajili limetuchanganya akili. Kwanza tumemuuza kipa wetu kwa wapinzani wetu wa Maswa. Nilikaa siku mbili bila kuwasha redio. Halafu wameletwa watatu kutoka Mwanza, na mmoja wao ana umri wa kutosha kuwa mjumbe wa bodi. Anayeleta na kupeleka wachezaji ni mfadhili wetu, bwana Joakim, mwenye kinu. Anaomba ubunge. Kura za maoni ndani ya chama chake ni mwezi ujao, na kila mchezaji anayesajiliwa anatangazwa uwanjani mbele ya wajumbe, huku ngoma zikipigwa.

Mayige akatangazwa anakwenda kwa mkopo wa nusu msimu, mpaka dirisha dogo la Desemba. Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akauliza, "Mkopo ndiyo nini? Mtoto wa watu anakopeshwa kama jembe?" Bwana Joakim akanipa kipaza sauti, akasema, "Mwalimu atawaeleza." Nikawaeleza. Nikasema, ninyi nyote mnajua kubilisa. Mtu mwenye ng'ombe wengi anampa mwenzake amtunzie mmoja. Mwenzake anapata maziwa na mbolea, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe, na siku mwenyewe akimtaka anakwenda na kamba kumchukua. Mayige ni hivyo hivyo. Njombe watapata maziwa, sisi tunabaki na ng'ombe. Watu walicheka, wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka. Kwa kuwa Mayige hajatimiza miaka kumi na minane, mimi ndiye niliyetia sahihi kama mlezi, pale pale jukwaani.

Anna sikumwona pale uwanjani. Jioni nilipita kwake nikamhakikishia kwamba mwanawe atakuwa nyumbani kabla ya tarehe ishirini Desemba. Unajua kwa nini tarehe hiyo ni kubwa. Ndiyo siku ya ukoo kumaliza msiba wa Paschal na kumkabidhi mrithi boma lake. Mrithi lazima akae mbele ya wazee kwa mwili wake, hatumwi mtu. Asipokuwepo, ng'ombe na boma vinawekwa chini ya baba yake mdogo, Constantine, naye ni mwanangu, si mtu mbaya, lakini anapenda kusimamia. Anna ataishi kwa ruhusa ya shemeji yake. Nimempa neno langu kwamba haitafika huko.

Mlishe Mayige viazi vyenu, na usimruhusu akuite mke wake. Hapa anamwita Felisita hivyo na kuniita mimi mume mwenza, na bibi yake anafurahi kupita kiasi.

Kaka yako,
Mihayo

*

Njombe
10 Agosti 2025

Kaka Mihayo,

Shikamoo. Huku tupo. Baridi ya mwaka huu imeua mche wangu wa mparachichi na kuku wawili. Shemeji yako anajifunika blanketi mchana akisikiliza habari za kampeni na kuzigombeza. Goodness, mwanangu, ameajiriwa kwenye zahanati ya Makambako, kwa hiyo nyumba hii sasa ina muuguzi mstaafu mmoja na mgonjwa wa siasa mmoja.

Mayige alifika salama na mfuko mmoja na viatu vya mpira shingoni. Wiki ya kwanza alilala na soksi mikononi. Aliniambia, "Bibi, huku Mungu aliacha friji wazi." Anakaa kwenye nyumba ya timu na wenzake, kila Jumapili anakuja kwangu baada ya misa kula na kulala usingizi wa ng'ombe. Nilikwenda kumtazama akifanya mazoezi. Sijui mpira, lakini nimeona watu wengi wakitembea katika maisha yangu wodini, na huyu hata akitembea unaona miguu yake ina furaha.

Nina swali, kaka. Kiongozi wa timu alinisalimu pale uwanjani, akamtaja Mayige kama "mchezaji wetu mpya wa kudumu." Nikamwambia kwetu tumesikia ni mkopo. Akatabasamu, akasema mambo ya mkataba wanayajua wenye mkataba.

Wewe mkataba umeusoma? Namaanisha wote, mpaka karatasi ya nyuma. Umeandikwa kwa lugha gani? Nijibu hili kabla ya mengine.

Msalimie wifi yangu, na mwambie atoke jikoni.

Wako,
Klementina

*

Nkololo
3 Septemba 2025

Ilumbu wangu,

Mwadila. Barua yako ilikaa Bariadi posta siku nyingi kwa sababu sikwenda mjini, na sikwenda mjini kwa sababu ya aibu ya timu. Nitakueleza.

Kwanza habari za nyumbani. Felisita ametii, anapikia nje upande wa upepo. Mbuzi wawili wamezaa. Constantine alikuja kutoka Mkula na mke wake, akazunguka boma la marehemu kaka yake akitazama uzio. Alimwambia Anna uzio umechoka. Anna alimjibu, "Shemeji, uzio unamsubiri mwenyewe." Nilikuwa nimesimama karibu, nikajifanya naangalia mbuzi.

Sasa ya timu. Bwana Joakim alishindwa kura za maoni. Alikuwa wa tatu. Baada ya siku tisa alipanda jukwaa la chama kingine hapa Bariadi, akapokea kadi, akasema amefika nyumbani. Mimi simlaumu mtu kwa kuhama chama. Nilifundisha uraia, na nilifundisha kwamba mtu ana haki ya kujiunga na chama anachotaka na kutoka anapotaka. Chama si tumbo la mama. Ninachomuuliza mtu anayehama ni amebeba nini mkononi wakati anatoka mlangoni.

Yeye alibeba timu. Wiki ile ile wachezaji kumi na mmoja waliondoka, na jezi, na basi dogo. Tukakutana wanachama kwenye ghala la zamani kuuliza inawezekanaje. Katibu akatoa karatasi. Wachezaji wote waliosajiliwa katika miaka hii miwili hawakusajiliwa na klabu. Walikuwa wachezaji wa kampuni ya bwana Joakim, na kampuni ndiyo iliyokuwa inawaruhusu kuvaa jezi yetu. Tulikuwa tunashangilia mali ya mtu. Mzee Mashaka, ambaye ameishabikia Rovers kuliko mimi, alivua kofia ya timu, akaiweka mezani, akatoka. Hajarudi kuichukua.

Nimelitafakari hili sana. Nimeona kwamba shabiki na mpiga kura wanafanana kwa jambo moja. Wote wawili wanasema "letu" na "yetu" kwa moyo safi, na ni wachache wanaoomba kuona karatasi.

Uliuliza habari ya mkataba wa Mayige. Mkataba upo. Nimeuhifadhi kwenye sanduku la vyeti vyangu, hauwezi kulowana wala kuliwa na mchwa.

Nimejifunza kufungua ukurasa wa Kilima Chai kwenye simu ya Anna. Kila mechi ya kirafiki tunakaa mimi na yeye kwenye magogo ya uani kwake, tunasoma majina. Mpaka sasa Mayige ameanza mechi mbili na ametoa pasi moja ya goli. Anna hasomi haraka, lakini jina hilo analipata kabla yangu.

Kaka yako,
Mihayo

*

Njombe
12 Oktoba 2025

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na shughuli. Shemeji yako aliteleza kwenye ngazi lakini hakuumia. Mvua za kwanza zimenyesha, tumepanda mahindi. Goodness amenunua kitanda.

Mayige anakula vizuri na anawasalimu. Kwa sasa anapumzika. Usisumbuke sana kutazama orodha za kwenye simu, zinaandikwa na watu wasio makini.

Tarehe ishirini Desemba nimeiona.

Hujanijibu swali langu. Sanduku silo nililouliza.

Klementina

*

Nkololo
16 Novemba 2025

Klementina,

Utaniwia radhi nikifupisha salamu. Sote tupo hai.

Siku zile za uchaguzi mtandao ulizimwa, na kila nyumba yenye kijana mbali ilikaa kimya. Hapa kwetu palikuwa shwari, lakini habari zilikuja vipande vipande kutoka mijini, na kipande kibaya ndicho kinachotembea haraka. Anna alikuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi letu. Hakuuliza chochote. Alikaa tu, na simu isiyofanya kazi ikiwa kwenye kanga, mpaka jua likapanda, halafu akaenda shambani. Mtandao uliporudi, Mayige alimpigia akasema yupo salama. Anna akashukuru Mungu. Halafu akaniambia, "Baba, sauti yake imekaa chini." Nikamwambia ni uchovu wa mazoezi.

Lakini mimi na wewe tumelelewa na mama mmoja. Barua yako ya Oktoba ina maneno machache, na wewe huandiki machache isipokuwa umebana jambo. Ligi imeanza, mechi saba zimechezwa, na jina la Mayige halimo hata kwenye wachezaji wa akiba. Sasa nami nitakwambia nililobana, labda utafungua na wewe.

Mkataba sikuusoma.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu. Mimi niliyewachapa watoto kwa kujibu swali ambalo hawajalisoma. Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeshaeleza. Nilieleza kubilisa vizuri, watu walicheka mahali nilipotaka wacheke, wakanyamaza mahali nilipotaka wanyamaze. Nilipomaliza, ndipo wakaniletea karatasi. Zilikuwa nne, zimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, herufi ndogo, na miwani yangu ya kusomea ilikuwa nyumbani. Ningesema, "Ngojeni, nikazisome kwanza." Maneno hayo yalikuwa mepesi. Lakini ningekuwa nimewaambia watu wote wale kwamba nilikuwa naeleza kitu nisichokijua. Mayige alikuwa amesimama pembeni yangu. Aliniuliza mimi babu yake kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, "Guku, iko sawa?" Nikamwambia iko sawa. Nikatia sahihi.

Baada ya mkutano ule wa ghalani nilitoa karatasi kwenye sanduku. Nilisoma ya kwanza. Nilipofika neno linalosema kampuni ndiyo yenye haki zote, nikazirudisha. Ya pili, ya tatu na ya nne bado sijazisoma. Sina sababu nzuri ya kukupa.

Naomba uniambie mtoto ana nini. Zimebaki wiki tano.

Mihayo

*

Njombe
27 Novemba 2025

Kaka Mihayo,

Barua yako imenifikia jana. Niliisoma, nikaenda kukoroga uji, nikarudi kuisoma tena.

Mayige aliumia goti la kushoto tarehe kumi na saba Septemba, mazoezini, bila kuguswa na mtu. Aligeuka, mguu ukabaki. Nilifika hospitali kabla ya picha kutoka na nilijua kwa kulishika. Mshipa wa ndani umekatika. Unahitaji upasuaji, na baada ya hapo miezi tisa au zaidi. Kama angekuwa mgonjwa wangu ningemwambia atatembea vizuri, na kuhusu mpira ningenyamaza.

Mkataba nimeusoma mimi. Mayige alikuwa na nakala yake. Nilikaa nao siku mbili na kamusi ya shemeji yako. Si mkopo, kaka. Kampuni ya huyo bwana ilimuuza moja kwa moja kwa miaka mitatu. Neno mkopo halimo mahali popote. Karatasi ya tatu inasema mchezaji akishindwa kucheza kwa siku sitini kwa sababu yoyote, timu inaweza kumwacha. Walihesabu siku sitini, wakamletea barua ya kumruhusu aondoke. Walikuwa na adabu. Mmoja alimbebea begi mpaka kwangu. Kwa hiyo kama unaogopa kwamba hawatamwachia, ondoa wasiwasi. Sasa hakuna anayemtaka, basi hakuna anayemzuia.

Yupo chumba cha uani. Aliniapisha nisiseme kwenu, nami nikaapa, na hilo ni kosa langu na nitalibeba. Nilijiambia ni siri ya mgonjwa. Siyo. Nilikuwa naogopa kumwandikia mama yake.

Kinachobaki ni hiki, na ndicho kigumu. Hataki kuja tarehe ishirini. Nimemwambia magongo hayamzuii mtu kukaa kwenye kiti. Akanijibu, "Bibi, walinipigia makofi nikiondoka. Nirudi wanihurumie? Na Guku atasimama awaeleze goti ni nini?" Samahani, kaka, nimeandika kama alivyosema. Hakusema kwa dharau. Alikuwa analia.

Nilimuuliza kama amekukasirikia. Akasema hapana, alijua hukusoma. Alikuona hukuvaa miwani. Akakuuliza kama iko sawa ili akupe nafasi ya kusema haiko. Ulipoitikia, naye akaona aibu kukuaibisha.

Sijui nikushauri nini. Wewe ndiye mkubwa. Lakini Anna lazima ajue, na asijue kwa barua.

Klementina

*

Nkololo
9 Desemba 2025

Ilumbu wangu,

Barua yako niliipokea Jumatano. Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Anna.

Nilimkuta shambani anapanda pamba. Kamba ilikuwa imevutwa toka kigingi mpaka kigingi, naye anaifuata kwa jembe, mashimo yamekaa sawa kama mistari ya daftari. Alipiga goti kunisalimu, akabaki ametazama chini kama wanavyofanya wakwe zetu. Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nikaanza, "Anna, mkataba wa mpira ni kitu chenye pande mbili, na ili uelewe yaliyotokea ni vizuri kwanza nikufafanulie..."

Akasema, "Baba, mtoto wangu ana nini?"

Katika miaka kumi na tisa hajawahi kunikatisha maneno. Nikamwambia goti.

"Tangu lini?"

"Septemba."

Alilaza jembe chini. Akasema, "Mwezi huo nilimpigia mara nne. Mara nne zote alisema anakimbilia mazoezini." Kisha akainua macho, akanitazama usoni. "Nani alijua?"

"Shangazi Klementina. Mimi nimejua jana."

"Wewe ulijua kwamba hukusoma."

Sikuwa nimemwambia hilo bado. Nilimuuliza amejuaje. Akasema siku ile ya jukwaani alikuwepo, nyuma kabisa, upande wa wanawake wanaouza karanga. Aliona nikiandika bila kufunua hata karatasi moja. Alingoja nimwambie jioni ile nilipopita, sikusema. Akangoja kwenye magogo tukisoma majina. Akangoja kwenye benchi siku za uchaguzi. "Nilisema labda baba ana sababu yake," alisema. "Mtu aliyesoma huwa na sababu."

Safari hii sikumtafutia sababu yoyote.

Jumamosi niliita wazee wa ukoo kabla ya siku yao. Constantine alikuja kutoka Mkula. Kwa kawaida mimi hukaa kiti cha mbele na kusema wa mwisho. Niliomba nikae upande wa wanaohojiwa. Nikasema mrithi hatakuwepo tarehe ishirini, ameumia, na ameumia katika kazi niliyompeleka mimi kwa karatasi nisiyoisoma, na niliwadanganya wote uwanjani, ingawa sikujua kwamba nadanganya. Constantine akasema, "Baba, siku zote wewe ndiye unayetueleza. Leo tumsikilize nani?" Nikamwambia amsikilize Anna.

Hawakuzoea, lakini walimwacha aseme. Hakusema mengi. Alisema ng'ombe wachukueni mkawachunge, wana miguu, wanaweza kwenda na kurudi. Nyumba na shamba havina miguu, na mimi nitakuwa ndani yake Mayige atakapokuja, awe anatembea au anabebwa. Wazee walibishana sana. Mwisho walikubali. Ng'ombe wamekwenda Mkula kwa Constantine, wote, na sina hakika kama nitaishi kuwaona wakirudi. Niliwatazama wakitoka njia ya bwawani asubuhi ya Jumapili. Paschal alikuwa akiwaita kila mmoja kwa jina. Nyumba na shamba vimebaki kwa Anna, kwa maandishi. Katibu wa ukoo aliponiletea niwasomee, niliisukuma karatasi kwa Anna. Aliisoma mwenyewe, taratibu, kidole chini ya kila mstari, na watu ishirini wanangoja. Alikuta mahali jina la Mayige limekosewa, akarudisha irekebishwe. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Somanda Rovers hawatashiriki ligi msimu huu. Wamebaki wachezaji watano na katibu. Bwana Joakim alishindwa na kule pia. Nakuandikia haya kwa mazoea tu.

Sasa nikuombe jambo. Barua hii hujaipata posta. Umepewa mkononi, na aliyekupa ni Anna. Amemaliza kupanda jana, akafunga nguo zake na karanga za kukaanga kilo mbili, akasema anakwenda Njombe. Nilitaka kumwandikia njia yote kwenye karatasi, wapi abadili basi, wapi asikubali kupakiwa na mawakala. Alikataa kwa upole. Alisema atauliza watu. Nilitaka nimpe na maneno ya kumwambia Mayige kutoka kwangu. Nilikuwa nayo mengi, na nilikuwa nimeyapanga. Akasema, "Baba, ukimtaka utakuja mwenyewe." Nitakuja Januari, nikipata mtu wa kukaa na Felisita. Nitakapofika nitamwomba radhi yule mtoto, na nitajitahidi isiwe hotuba.

Sijui kama atarudi naye au watakaa huko mpaka mguu upone. Si mimi wala wewe wa kuamua.

Atakuwa amechoka, safari ni siku mbili. Mpe maji ya kuoga. Mwonyeshe mlango wa chumba cha uani. Usimweleze kitu, Klementina. Mwache aingie peke yake, na wewe ukiweza kaa nje.

Mihayo